Mkalimani Hana Maneno Yake

Msomaji wangu, kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa dagaa kabla hujalisoma, usihangaike. Nitakupa kwa ufupi. Mambo yangu hayana siri tena, nchi nzima iliyasikia kabla sijayaelewa mwenyewe.

Miaka ile ya Mwingereza, serikali ilikusanya wazee kutoka majimbo mbalimbali, ikawapakia kwenye lori na kuwazungusha Tanganyika yote wakaone wenzao wanavyolima na kufuga. Mimi Athanas, Msumbwa wa Ushirombo, nilikuwa mkalimani wa safari ile. Kazi hiyo niliipata baada ya kuvunjika mguu mgodini Geita. Mtu anayechechemea hashushwi tena shimoni, lakini ulimi wake bado una kazi.

Mzee aliyechaguliwa kutoka Shinyanga alikuwa Mzee Maduhu wa Tinde. Hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Naye alikuwa baba mkwe wangu.

Mke wangu Apolonia alikuwa amekwenda kwao kumzika mama yake, na hakurudi. Nilituma washenga, wakarudishwa langoni bila kuambiwa sababu. Sababu niliijua ndani ya lori, kwa mdomo wangu mwenyewe. Kila tulipofika, wenyeji walipomwuliza Mzee Maduhu habari za kwao, aliacha pamba, akaacha ng'ombe, akasimulia juu ya mkwe wake: kwamba mama mkwe alipofariki, kijana huyo hakuja kuzika, hakutuma mtu, hakutuma hata ukwato wa ng'ombe.

Yeye alisema kwa Kisukuma, mimi nikasema kwa Kiswahili. Hakunitaja na hakunitazama, kwa sababu kwao mtu hamtaji mkwe wake kwa jina, wala hawatazamani usoni. Kwa hiyo wazee wenzake hawakujua huyo mkwe ni nani. Iringa walisema mkwe wa namna hiyo ni sawa na mwizi. Moshi walisema arudishiwe ng'ombe wake wa mahari na mwanamke aolewe na mtu mwenye haya. Yote hayo nilimpelekea baba mkwe wangu kwa Kisukuma safi, bila kupunguza neno.

Na mimi ng'ombe nilimtuma. Siku za msiba ule, Apolonia akiwa ameshaondoka, nilivunjika nikalala hospitali, mguu umefungwa mbao, nikamwomba kaka yangu Onesmo aswage ng'ombe wangu mwekundu mpaka Tinde na awaeleze wakwe hali yangu. Alirudi akaniambia wamepokea na wameshukuru sana. Nilimwamini. Baba yetu alipofariki, Onesmo ndiye aliyenilea, na alichimba mawe mpaka kucha zikang'oka ili mimi nisome kwa mapadri.

Najua unaniuliza kwa nini sikusema. Jamani, ningesemaje? Mkwe habishani na baba mkwe mbele za watu. Ningejitetea, ningemvua nguo kaka yangu mbele ya wazee wa nchi nzima. Na Bwana Shamba, yule Mzungu aliyetuongoza, alinionya siku ya kwanza kwamba mkalimani hana maneno yake. Akiongeza moja la kwake, atashushwa hapohapo alipo, hata kama ni porini. Ndiyo hivyo nilivyozunguka nchi yangu nzuri, nikiona milima na mito na watu wa kila kabila, na kote huko nikijisomea hukumu.

Wiki iliyopita tuliachana lori likitoka Nzega kuja Shinyanga. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva wetu Kalisti, nikimwomba Mungu lori lipite Tinde bila kusimama. Mungu naye ana mambo yake.

Mzee Chidawali aligonga paa.

Huyu Chidawali alikuwa mzee wa Kigogo, mrefu, masikio yametobolewa, na ulimi hauna breki. Wagogo na sisi watu wa magharibi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu. Mtani akikutukana unacheka, akikamata kuku wako unamtafutia na chumvi. Kalisti aliposimamisha lori, Chidawali alitangaza kwamba yeye hapiti Tinde bila kula kwa mtani wake Maduhu, na bila kumwona mwanamke ambaye kesi yake imemnyima usingizi tangu Kilimanjaro.

Wazee wengine wakaunga mkono. Bwana Shamba naye akafurahi, akasema ni vizuri wazee waone boma la Msukuma, na mifugo, na matuta ya viazi.

Nilijaribu. Nilimwambia Bwana Shamba kwamba njia ya kwa Mzee ni mbuga tupu, na mvua ilinyesha juzi. Akanijibu kwamba lori lililovuka Ruaha halitashindwa na tope la Tinde. Kalisti, ambaye hakujua lolote, akaongeza kuwa njia ile anaijua na wala si mbaya. Nilitamani kumfinya.

Boma la Mzee Maduhu lilizungushiwa ua wa minyaa, na langoni pake ndipo miguu yangu iliponisaliti. Mkwe haingii kwa wakwe zake kama mbuzi aliyekatika kamba. Husimama langoni mpaka aitwe, na asipoitwa hurudi alikotoka. Nilifundishwa hivyo nilipokwenda kuposa, na miguu haisahau upesi kama kichwa. Wazee wakaingia, Bwana Shamba akaingia, Kalisti akaingia akiwa bado anajifuta mafuta mikononi. Mimi nikabaki langoni.

Bwana Shamba aliniita. Nikaitika, nisisogee. Mzee Maduhu akawa anawakaribisha wageni kwa Kisukuma, nami natafsiri kwa kupiga kelele kutoka langoni kama mtu anayefukuza ndege shambani. Wazee walinishangaa. Bwana Shamba aliuliza kama mguu unaniuma, nikasema unaniuma.

Ndipo Mzee Maduhu, bila kugeuza shingo, akasema kwa Kisukuma kama mtu anayesemesha upepo kwamba kigoda kiwekwe palepale langoni, mwenye mguu mbovu asichoke. Kigoda kikaletwa, nikakaa. Hakuna aliyeona ajabu, ila Mzee Chidawali. Yeye alikitazama kile kigoda, akaitazama miguu yangu, kisha akasokota ndevu zake polepole.

Apolonia alitoka na maji ya kunawa.

Nisidanganye, moyo uliniruka. Alikuwa amekonda kidogo. Alipiga magoti mbele ya kila mzee, akamsalimu, akamnawisha. Alipofika langoni alipiga magoti vilevile, akaniambia "Mwadila," salamu ileile aliyowapa wengine wote. Nikaitikia. Nikanyosha mikono, akanimiminia maji. Hakuinua macho kunitazama usoni, lakini nilimwona akiutazama mguu wangu, jinsi ulivyopinda chini ya goti, na akautazama kwa muda kuliko inavyohitajika kumnawisha mtu mikono. Akaondoka.

Chakula kilipoiva, wazee waliandaliwa pamoja kwenye mkeka. Bakuli langu lililetwa langoni, peke yake, kwa kuwa mkwe hali na baba mkwe. Bwana Shamba alidhani nimetengewa kwa sababu ya utumishi, akasema kwa wema nisogee nile na wenzangu. Nikamjibu kwamba hapa pana hewa nzuri.

Nilifunua bakuli. Ugali wa mtama, mchuzi wa kuku, na juu ya mchuzi, firigisi.

Msomaji wangu, unajua firigisi anapewa nani. Haiwekwi kwenye bakuli la mgeni wala la mkalimani wa serikali. Huliwa na baba mwenye nyumba, na kwa mwanamke aliyeolewa, humfaa mume wake peke yake. Niliitazama ile firigisi machozi yakinilengalenga, na nikasahau kwamba mtu aliyeshika bakuli bila kula huonekana kutoka mbali.

Mzee Chidawali alikuja kunawa karibu yangu, ingawa maji yalikuwa kule kwake. Akachungulia bakuli.

"Mkalimani," alisema kwa sauti ya chini, "kwetu firigisi hapewi mpita njia. Kwenu vipi?"

Nikasema labda mpishi amekosea.

"Mpishi wa kukosea firigisi hajazaliwa," akasema, akarudi mkekani.

Nikajua nimekwisha. Siri iliyofichwa pwani hadi bara imekuja kuumbuliwa na kipande cha kuku. Na nikajua pia kwamba mtani hatoi siri kama watu wengine. Angeweza kusema palepale tukamaliza, lakini utani hauna huruma ya namna hiyo. Mtani akikuona umeteleza kwenye tope, kwanza anakusukuma uzame vizuri, kukuvuta ni baadaye.

Baada ya kula, Mzee Maduhu alisimama. Aliwaambia wenzake kwamba wamevuka nchi pamoja, wamesikia shauri lake mpaka wamelizoea, na leo wamekaa katika uwanja wake. Basi anaomba neno la mwisho. Amrudishie mkwe yule ng'ombe wa mahari na binti aolewe kwingine, au afanye nini?

Nikatafsiri. Nilitafsiri vizuri sana siku hiyo.

Wazee walianza kusema arudishiwe, arudishiwe. Lakini Bwana Shamba, ambaye alipenda kila jambo liende kwa utaratibu, alisema kwamba haki haiwezi kutolewa upande mmoja usiposikilizwa. Akaniambia nimwulize Mzee mkwe huyo anaishi wapi.

Nikauliza. Mzee Maduhu akajibu kwamba mara ya mwisho alisikia yuko Geita, anachimba dhahabu. Mwongo mkubwa wee, nikasema moyoni. Kutoka alipokuwa amesimama hadi kwenye kigoda changu, mtoto angerusha jiwe likanipata.

"Sisi tunakwenda Geita," alisema Bwana Shamba. "Tutamtafuta huko. Jina lake?"

Mzee alisema jina la mkwe wake hawezi kulitamka. Bwana Shamba akataka binti aulizwe. Mzee akasema mke naye halitamki jina la mumewe mbele za wazee. Bwana Shamba alivua kofia akajikuna. Aliuliza sasa mtu asiye na jina atapatikanaje kati ya wachimbaji wote wa Geita.

Hapo ndipo Chidawali alipoinua fimbo yake.

"Apande lori yeye mwenyewe," akasema. "Jina halitamki, lakini kidole anacho. Akifika atatuonyesha." Kisha akanigeukia mimi, uso mkavu kabisa. "Mkalimani, mwambie mtani wangu hivyo. Usipunguze neno."

Nilimwambia. Mzee Maduhu alichora chora udongo kwa kidole cha mguu, kisha akasema binti apande, na shangazi yake apande naye.

Basi tukaondoka Tinde kwenda kunitafuta mimi.

Mimi nilikaa mbele, Apolonia nyuma na shangazi yake na wazee. Kioo kidogo cha nyuma kilinionyesha kitenge chake tu. Njia nzima hadi Kahama nilisikia wazee wakimfariji. Mzee wa Kihehe alimwambia asilie, mume akipatikana watamfundisha adabu. Mchaga akasema kwao kuna vijana wenye migomba na nyumba za bati. Yeye hakuwaelewa, na mkalimani wake alikuwa mbele ya kioo, anakunja na kukunjua kofia.

Katika kuyawaza ndipo kitu kikanikaa sawasawa kichwani. Onesmo alioa mke wa pili, Serafina, mara tu baada ya msiba wa Tinde. Nilimwuliza wakati ule ng'ombe wa mahari amempata wapi, na akasema amepewa na rafiki. Nilimpongeza. Nilicheza ngoma ya harusi kwa magongo, mguu haujapona, nikiwa na furaha ya mjinga. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimekivaa na kukifunga vifungo.

Ushirombo tulisimama kwenye kisima kujaza maji ya injini. Ni nyumbani kwetu pale, karibu kila mtu angenitambua, kwa hiyo nilijificha upande wa pili wa lori. Apolonia akaja upande huohuo na kibuyu mkononi. Shangazi yake alikuwa akisukuma pampu, amegeuza mgongo.

"Nilituma ng'ombe," nilimwambia haraka, bila salamu. "Nilikuwa hospitali. Onesmo ndiye alimpeleka. Nilijua amefika."

Apolonia aliutazama mguu wangu tena.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi niliuona huo mguu nikajua kuna jambo. Mwambie baba."

"Nitamwambiaje? Mkwe ataanzaje kumkatalia baba mkwe?"

"Wewe si unasema maneno ya kila mtu? Sema na yako."

Nikamwambia Onesmo ni kaka yangu, ni baba yangu vilevile, amenilea, nikimtaja mbele ya watu wale atapoteza heshima yake na mke wake na yote aliyonayo. Nilisema ng'ombe haelemewi na nunduye.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliuliza swali moja tu. "Na mimi ni nani wako?"

Mzee Chidawali alichungulia kutoka juu ya lori, akasema maji ya kisima hiki lazima ni matamu sana, maana watu wamekwama. Apolonia akaondoka na kibuyu kitupu.

Tulipita Katoro, siku hizo pori na vibanda vichache, na tukafika Geita jua likiwa bado kali. Kwenye kambi ya wachimbaji tulipokewa na nyapara mmoja, mtu mnene aliyependa wageni. Tuliletewa viti. Wanaume waliotoka zamu walijaa kutuzunguka, vumbi jeupe usoni, wakitaka kujua serikali imeleta nini. Wengine walinifahamu. Mmoja alinipungia mkono, nikajifanya ninapangusa jasho.

Bwana Shamba alimweleza nyapara kuwa tunamtafuta kijana aliyeoa binti wa Mzee Maduhu wa Tinde. Nyapara aliwaza, akasema yeye ni mgeni, amehamia juzi, bado hajawajua vizuri watu wa zamani. Ila yupo mmoja hapa, Msumbwa, aliwahi kusikika akisema nduguye ameoa upande wa Tinde. Akaagiza Onesmo aitwe.

Onesmo alikuja anatabasamu. Alidhani ameitwa kwa heri. Alimwona Mzungu, akavua kofia. Kisha akamwona Mzee Maduhu, na tabasamu likamfia mdomoni. Akamwona Apolonia amesimama ndani ya lori. Mwisho akaniona mimi, mdogo wake wa tumbo moja, nimesimama kati yake na wao. Hakuwa ameniona tangu safari ianze, na hakujua nimeshajua.

Bwana Shamba alimwuliza kwa Kiswahili chake kama anamfahamu mkwe wa mzee huyu.

Onesmo alinitazama. Sijawahi kuona macho yale kwa kaka yangu, hata siku tulipomzika baba. Yaliniomba kama macho ya mtoto aliyevunja chungu. Nikatazama chini. Hadi leo sijui kama alidhani nimempa ruhusa.

"Namfahamu, bwana," akasema. "Aliondoka. Alikwenda Kongo, kwenye migodi ya huko. Hatujapata habari zake. Watu wanasema alikufa."

Wale wachimbaji walionijua walitazamana, mmoja akafungua mdomo, nyapara akamwashiria anyamaze mbele ya Mzungu.

"Mwambie mzee," alisema Bwana Shamba.

Nilikuwa na nafasi hapo, nakiri. Nilikuwa na nafasi pana kama lango la boma. Nilimtazama Onesmo, vidole vyake vyenye kucha zilizoota vibaya vimeshika kofia, nikakumbuka zilivyong'oka. Nikageuka kwa Mzee Maduhu, macho chini kama ipasavyo, na nikamwambia kwa Kisukuma kwamba mkwe wake alikwenda Kongo, na inasemekana amekufa.

Neno kwa neno. Sikupunguza.

Mzee Maduhu alishusha pumzi ndefu, akaegemea fimbo, na kwa mara ya kwanza katika safari ile nilimwona amezeeka. Wazee wenzake walianza kumpa pole. Mhehe akasema basi shauri limekwisha, binti ni mjane, yuko huru. Mchaga akakohoa kidogo, nadhani alikumbuka vijana wake wenye migomba. Chidawali peke yake alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, ananitazama, na utani wote umemwisha usoni.

Bwana Shamba alisema kabla hatujafunga habari hii, na aulizwe binti, maana ndiye aliyeletwa kuonyesha. Asije mtu akasema hakusikilizwa.

"Mwulize," akaniambia, "kati ya wanaume walioko hapa, mumewe yumo au hayumo?"

Nikasogea hadi kwenye lori. Mkono wangu ulishika ubao wa pembeni, karibu kabisa na mguu wake. Nikamwuliza mke wangu, kwa sauti ya kazi, kama mumewe yumo au hayumo.

Apolonia aliwatazama wachimbaji mmoja mmoja. Alimtazama Onesmo, naye akageuzia uso pembeni. Kisha akanitazama mimi, akasema kwa Kisukuma, taratibu, ili lisinipite hata neno.

"Waambie nimewatazama wote. Mume wangu hayumo. Mume wangu alikuwa na mdomo."

Mzee Maduhu aliinua kichwa. Akanitazama usoni, jambo ambalo baba mkwe hafanyi, na hakuyaondoa macho yake.

Onesmo alikuwa ananong'ona jina langu, lile la utotoni.

Bwana Shamba akanigeukia.

"Anasemaje?" akauliza.